Adui Aliyenyoa Sharubu

Orval Stickney alikufa mara ya kwanza mwaka 1934, siku ya Jumanne, kabla ya chakula cha mchana, na alikufa kwa bahati mbaya.

Hakuwa mwigizaji hata chembe. Alikuwa mtu wa nyumbu. Alizaliwa hapa hapa Cutler Wells, chini ya milima ya Sierra, upande ule wa California ambao mvua unaisikia kwa jina tu, na tangu ujana kazi yake ilikuwa kuwapandishia wachimba madini mizigo yao mlimani na kuiteremsha. Mama yake alifariki siku ya tatu baada ya kumzaa. Baba yake alimlea kwa mkono mmoja, wa pili ulishika chupa. Kwa hiyo waliomfunza adabu Orval ni nyumbu, na nyumbu hafundishi mara mbili. Alikua mtu mrefu, mpole, mzito wa maneno, mwenye sharubu nyeusi zilizoteremka pande zote mbili za mdomo. Lakini sura! Roho alikuwa nayo ya kondoo, sura ya mtu aliyetoka kuchoma kanisa sasa hivi. Mungu naye ana utani wake, tusiseme mengi.

Mwaka huo watu wa sinema walikuwa wameugundua mji wetu. Waliyapenda majabali yetu, yale ambayo sisi tuliona hayafai hata kwa mbuzi. Wakaja na malori, kamera na makauboi ambao nusu yao walikuwa hawajawahi kupanda farasi aliye macho. Orval akawa anawapelekea majani ya farasi. Mwongozaji wao, bwana mmoja mnene aitwaye Lindquist, alimwona anashusha mzigo akapiga kelele.

"Wewe! Simama hapo hapo! Mleteeni huyu kofia nyeusi!"

"Kofia ya nini, bwana? Mimi nimeleta majani."

"Adui wangu mmoja wa picha kapigwa teke na farasi. Wewe panda farasi, kimbia mpaka lile jabali, basi. Usiseme kitu."

Sasa, farasi wa sinema usimchukulie kama farasi wa shamba. Maneno yote ya mwongozaji anayajua. Akisikia "Haya!" anatoka mbio, uwe umekaa sawa au hujakaa. Akisikia "Kata!" anasimama papo hapo, maana anajua zinazofuata ni maji na shayiri. Farasi aliyepewa Orval aliitwa Biskuti, na alikuwa na miaka minane kazini. Wakatoka mbio. Katikati ya njia, mpishi wa kambi, kule kwenye masufuria yake, akamwambia mwenzake habari za nyama: "Kata!"

Biskuti akasimama. Orval hakusimama. Aliendelea na safari peke yake hewani, akapita juu ya masikio ya farasi, akajikunja mara mbili, akatua chali vumbini. Mguu mmoja ukatikisika kidogo, kisha ukatulia.

Lindquist alivua kofia. "Miaka kumi na mitano niko kwenye kazi hii," alisema, "sijaona mtu anakufa vizuri namna hii." Orval alipofumbua macho alikuta ameshaandikwa kazi.

Kila mtu aliyewahi kuangalia picha za kauboi anaijua sheria: steringi hafi. Apigwe risasi na watu arobaini, kofia haimtoki. Sasa kama steringi hafi, lazima afe mwingine, na huyo mwingine, kwa miaka kumi na miwili, alikuwa Orval wetu. Alikufa akianguka kutoka paa la baa. Alikufa akianguka kutoka paa la benki, ambalo lilikuwa paa lile lile la baa, wamebadilisha kibao. Alizamishwa, alinyongwa, alikanyagwa na ng'ombe mia mbili, ingawa ukweli ng'ombe walikuwa kumi na wanane, wanazungushwa. Kwa risasi alizopigwa, zingekuwa za kweli leo angekuwa chujio la chai. Kila kifo alikichorea mstari kwa penseli nyuma ya mlango wa zizi lake, na mistari ilifika sitini na miwili.

Kila Jumamosi mchana mji mzima tulikwenda ukumbini kumwangalia akifa, naye mwenyewe ameketi kati yetu na mfuko wake wa bisi. Akianguka tu, ukumbi unalipuka kwa makofi na miluzi. "Mmalize! Mwongezee ya pili!" Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Hata yeye alipiga makofi. Ila siku moja akiwa kwa kinyozi alisema, kama mtu anayezungumza habari za hali ya hewa, "Unajua, nimekufa zaidi ya mara sitini na hajatokea hata mmoja akasema pole." Kinyozi alicheka mpaka wembe ukamponyoka. Orval naye akacheka kidogo, kwa adabu.

Tuje kwa Leota. Leota Cottle alikuwa mjane, na ndiye aliyewapikia watu wa sinema wakiwa majabalini: maharage na nyama ya nguruwe, mkate wa mahindi, pai ya tufaha. Alikuwa na mikono minene, sauti ya kuita ng'ombe na ulimi usiolala. Siku ya kwanza Orval alipanga foleni akiwa na matundu matatu ya risasi kifuani na damu ya rangi imemfika kiunoni. Leota akamtazama juu mpaka chini.

"Marehemu, unakula viazi au umeshaacha?"

"Nakula, mama."

"Mama nani? Mimi na wewe nani mkubwa? Lete sahani."

Orval aliporudi kwa sahani ya pili alikuwa ameshapenda. Aliporudi ya tatu, Leota naye akajua. Ungetegemea harusi mwezi unaofuata, sivyo? Thubutu. Kulikuwa na Mama Hepzibah.

Mama Hepzibah alikuwa mama mzazi wa Leota, mwanamke mfupi wa miaka sabini, Mmethodisti wa kujibu "Amina" kabla mchungaji hajamaliza. Na Leota hakuweza kumkwepa. Mara ya kwanza aliolewa bila baraka za mama yake, na mume akaangukiwa na mwamba mgodini mwezi wa nne. "Safari hii," Leota alimwambia Orval, "bila baraka siolewi. Sitaki kukuzika. Wewe kwanza kuzikwa umezidi."

Basi Orval akavaa shati safi, akabeba paja la nguruwe la kuokwa, akaenda kubisha hodi. Mama Hepzibah alifungua akiwa na ufagio mkononi.

"Wewe si yule uliyechoma nyumba ya yatima Jumamosi iliyopita?"

"Mama, ile ni picha tu."

"Najua ni picha! Unaniona mjinga? Risasi za uongo, moto wa uongo, hata wale yatima, mmoja ni mtoto wa mwenye hoteli, baba yake yuko pale mzima anauza bia. Mimi naongelea kile kicheko. Ulipowasha kiberiti ulicheka. Kicheko kile hakikuwa cha uongo. Ulikitoa wapi?"

Hapo mtu mwenye akili zake angesema nilifundishwa. Lakini Orval alikuwa hajui kudanganya, na aliinamisha kichwa akafikiri kweli kweli. "Sijui, mama," alisema. "Kilikuja chenyewe."

"Umesikia, Leota? Kilikuja chenyewe! Kimtokacho mtu ndicho kilichomjaa. Kijana, nenda ukatubu. Unyoe na hizo sharubu, halafu ndiyo uje tuongee."

Paja la nguruwe alilipokea, hilo hakulikataa. Mlango ukafungwa.

Tatizo likawa sharubu. Wewe utasema, si anyoe? Lakini sharubu zile ndizo zilizokuwa ofisi yake. Adui asiye na sharubu nyeusi nani atamwogopa? Angenyoa, angerudi kwa nyumbu, na nyumbu walikuwa wameshapungua siku hizo, malori yamewatoa kazini. Kwa hiyo Orval akangoja. Akangoja miaka sita. Kila Jumamosi Mama Hepzibah alikaa safu ya mbele, mwavuli magotini, maana yeye alisema haendi kwa starehe, anakwenda kuiona dhambi ili aitambue siku ikibisha hodi. Na kila Jumamosi Orval aliiba, alichoma, alicheka kile kicheko, akafa. Mama alihesabu yote.

Mwezi wa Julai 1946 Leota alichoka. Alimfuata Orval kwenye kivuli cha lori, mwiko bado mkononi.

"Dada yangu wa Oregon ana nyumba ya wageni, anataka mpishi. Nimemjibu nitakwenda baada ya sikukuu ya Shukrani."

"Kwenda na kurudi?"

"Kwenda. Orval, nikifika miaka arobaini bado nakupakulia maharage kwenye sahani ya bati, hiyo sahani nitakupiga nayo. Fanya kitu. Wewe si mwigizaji? Igiza basi mtu mwema, hata mara moja, mama akuone!"

Orval alikwenda moja kwa moja kwa Lindquist, kofia mkononi, akaomba apewe mtu mwema. Lindquist alicheka mpaka akakaa chini.

"Orval, ndugu yangu, wewe ukiingia dukani watu wanashika mifuko yao."

Lakini siku ya mtu ikifika imefika. Kesho yake asubuhi, mwigizaji wa kuigiza daktari aliamka na jino limevimba, shavu limekuwa kubwa kuliko kichwa. Picha zile zilipigwa kwa siku sita, hakuna cha kungoja jino la mtu. Lindquist akatazama kushoto, akatazama kulia, akamwona Orval amesimama pale pale alipomwacha jana.

"Nyoa," akasema.

Kinyozi alivua kofia yake kabla ya kuanza. Sharubu zilianguka sakafuni, na chini yake ukatokea mdomo ambao mji wetu ulikuwa haujawahi kuuona, mdomo mdogo, wenye aibu. Wakamvisha miwani na koti jeusi. Kazi yake ilikuwa fupi: dereva wa gari la farasi ameletwa, kapigwa risasi na majambazi, daktari anamshika mkono anasema, "Pole, ndugu yangu. Ni nani aliyekutendea unyama huu?" Kisha anamtibu, dereva anapona.

Orval alimshika mkono yule dereva, akaanza, "Pole, ndugu yangu," na papo hapo akaliona akilini mwake sanduku la Leota limesimama mlangoni, limefungwa kwa kamba, tayari kwa Oregon. Machozi yakamtoka. Hayakuwa maji ya kitunguu, yalikuwa machozi yake mwenyewe, yakashuka mpaka kwenye ule mdomo mpya. Lindquist alisahau kusema kata, hata Biskuti akabaki amesimama bila kujua afanye nini.

Kuanzia siku hiyo Orval hakufuga sharubu tena, asije akaiharibu dawa. Walimwita kazini, akakataa. Miezi minne hakufa hata mara moja. Alishona hatamu za watu, alipaka rangi ua wa kanisa, akangoja picha ifike. Ikafika Jumamosi ya mwisho kabla ya Shukrani, na mji mzima tulikuwa tumeshaambiwa: leo Orval ni mtu mwema. Mama Hepzibah aliketi safu ya mbele kama kawaida. Safari hii Leota alikaa kulia kwake, na Orval akakaa kulia kwa Leota, nywele amezipaka mafuta, jasho linamtiririka.

Hapa lazima niwaseme wale wenye kampuni ya picha, maana hasira yangu kwao haijaisha. Watu wale walikuwa wabahili mpaka basi. Wakipiga picha ya wizi wa gari la farasi mwaka huu, wanaiweka kabatini, wakihitaji wizi miaka minane baadaye wanaitoa, wanaitia kiraka ndani ya picha mpya. Kuna gari moja la farasi ambalo sisi tumeliona likianguka kwenye korongo lile lile katika picha tisa. Wala hakuna aliyejali. Nani anaangalia uso wa jambazi?

Taa zikazimwa. Gari la farasi likatokea, linakimbia kati ya majabali. Majambazi wakatoka nyuma ya mawe, vitambaa usoni. Mkubwa wao amepanda farasi tunayemjua sote, Biskuti, bado hajaota mvi. Upepo ukapiga, kitambaa kikamshuka. Sharubu nyeusi, mpaka kidevuni. Akainua bastola, akampiga dereva risasi, halafu akacheka. Kicheko chenyewe, kile kile, kilichokuja chenyewe.

Sauti ikatoka nyuma: "Aaa, Orval bwana!"

Leota aligeuza shingo polepole. "Orval. Ulisema daktari."

"Mimi ni daktari," Orval akanong'ona.

"Na yule pale ni nani?"

"Ni mimi."

"Orval!"

"Ni ya zamani, Leota. Ya mwaka thelathini na nane. Sikujua, naapa sikujua!"

Dereva akaletwa kwa daktari. Mlango ukafunguliwa, akaingia Orval, miwani, koti jeusi, mdomo mtupu. Watu wakaanza kukohoa ile kukohoa ya mtu anayezuia kicheko. Daktari akamshika dereva mkono. "Pole, ndugu yangu. Ni nani aliyekutendea unyama huu?"

"Weweee!" ukumbi mzima ukajibu.

Basi tena. Bisi zilipaa. Kinyozi alianguka kutoka kwenye kiti akabaki huko huko chini. Pale kwenye pazia la picha daktari akaanza kulia, na sisi, Mungu atusamehe, ndiyo tukazidi. Orval alijikunja kwenye kiti mpaka magoti yakamfika masikioni. Alikuwa amekwisha kufa mara sitini na mbili, lakini hii ndiyo aliyoisikia. Alikuwa anaiona Oregon.

"Nyamazeni!"

Mama Hepzibah alikuwa amesimama juu ya kiti chake, mwavuli juu, kivuli chake kimemfunika daktari nusu. Ukumbi ukanyamaza, maana mwavuli ule tuliujua.

"Wapumbavu nyie! Mnacheka nini? Hamna macho? Mtu kaiba, kamwaga damu, si tumemwona? Halafu dhamiri ikamshika. Kanyoa sharubu. Kavua utu wa kale! Karudi kwa yule yule aliyempiga risasi, kamshika mkono, analia. Mimi miaka sita nimemngoja huyu mtu atubu, leo ametubu, nyie mnakula bisi!" Akashusha mwavuli. "Endesheni picha."

Picha iliendelea, na hakuna aliyethubutu hata kutafuna.

Nje, juani, Mama Hepzibah alimkabili Orval. Ilimbidi ainue kichwa sana ili amwone. "Jambazi gani," alisema, "anarudi kumtibu mtu aliyempiga risasi? Sijawahi kuona. Nimefurahi."

Mtu mwingine angeshukuru akafunga mdomo. Orval akafungua. "Mama, nisikudanganye. Ile ya mwanzo ni ya zamani, wameitia tu..." Leota akamkanyaga mguu kwa kisigino, kwa nguvu zake zote, na Leota nguvu anazo. Orval alikunja uso lakini akaendelea, kwa kuwa alikuwa Orval. "Ni ya zamani, mama. Mimi wa leo ni yule wa mwisho."

Macho ya bibi yakajaa. "Ndicho ninachosema mimi! Ya kale yamepita! Leota, umesikia anavyokiri mwenyewe, mbele za watu? Mpe mkono. Nimebariki."

Leota hakusikia vizuri, kwa sababu muda huo alikuwa amelitanua koti lake mpaka mwisho, mgongo ameubana ukutani, anafunika tangazo la Jumamosi inayofuata. Lilikuwa la picha kuukuu iliyorudishwa. Orval, sharubu zake zote zipo, anamwelekezea bastola bibi kizee aliyekaa kwenye kiti cha kubembea.

"Mbona umejitanua hivyo?" mama yake akauliza.

"Joto, mama."

"Mwezi wa Novemba?"

Harusi ikabidi iwe kabla ya Jumamosi. Mchungaji alisema mambo haya yana utaratibu, wiki tatu angalau. Mama Hepzibah akamuuliza kama yule mwizi msalabani aliambiwa angoje wiki tatu. Walifunga ndoa Jumatano, Orval kavaa lile lile koti la daktari, maana hakuwa na jingine zuri. Alhamisi, sikukuu yenyewe ya Shukrani, wakala bata mzinga pamoja, watu watatu mezani, na bibi akamwita "bwana Stickney" siku nzima, kwa heshima, lakini kwa umbali.

Jumamosi ikafika. Leota alijaribu kusema kichwa kinamuuma, Orval akasema ua linahitaji rangi. Mama Hepzibah alichukua mwavuli. "Sijakosa Jumamosi tangu sinema zianze kusema," alisema. Wakakaa safu ya mbele, yeye katikati.

Orval alifumba macho tangu jina la picha lilipotokea. Kwa masikio tu alijua kila kitu: hapo naiba benki, hapo nampokonya bibi kizee pete ya ndoa, hapo nacheka. Alingoja mwavuli umshukie kichwani. Haukushuka. Kisha bastola za steringi zikalia, akajua sasa yuko juu ya paa, sasa anashika kifua, sasa anateleza, sasa anaanguka ndani ya hori la maji ya farasi, chubwi. Ukumbi ukalipuka kama ulivyolipuka siku zote. Makofi, miluzi, miguu chini. "Mwongezee!"

Katikati ya kelele zile akasikia kitu kingine upande wake wa kushoto. Akafumbua macho.

Mama Hepzibah alikuwa analia. Analia kabisa, kofia imekwenda upande, leso mdomoni, anautazama mkono wa Orval unaoning'inia nje ya hori. Kisha akageuka nyuma, uso umelowa, akatukabili sote.

"Mnashangilia nini, nyie? Mnamshangilia nani? Ana mke huyo! Kaoa Jumatano, hata keki ya harusi haijaisha!"

Hakuna aliyemcheka. Nilikuwepo, na mimi ndiye niliyepaza ile "mwongezee" ya mwisho, na nakwambia nilitamani sakafu inimeze. Orval alibaki ameketi na mfuko wake wa bisi, hajui atazame wapi. Alitaka kumwambia kwamba ni ya zamani, kwamba maji ya hori yalikuwa ya uvuguvugu, kwamba hakuumia. Bibi akamshika mkono, akaugeuza, akauchunguza pande zote mbili, kisha hakuuachia tena mpaka taa zikawashwa.

Nyumbani Leota alikata keki iliyobaki. Mama Hepzibah akamnyang'anya kisu, akachukua kipande cha pembeni, kile chenye sukari nyingi ambacho siku zote alijiwekea mwenyewe, akakisukuma mbele ya Orval.

"Kula, mwanangu," alisema. "Leo wamekuua vibaya. Pole."

Orval alikula kipande chote, polepole, na ilimbidi Leota ampe kitambaa.